Rafiki yangu ameniomba nimpige picha za harusi, na mpambe wake ni mimi

Dada mshauri, salamu.

Rafiki yangu wa karibu anaolewa baada ya wiki 5. Fedha za kumlipa mpiga picha wa kazi hazikutosha, na kwa kuwa anazipenda picha ninazopiga siku za mapumziko, ameniomba nimpigie. Nilikubali papo hapo. Sasa hofu imeniingia.

Nina kamera moja yenye kihisi (sehemu inayonasa mwanga) cha ukubwa wa APS-C, megapikseli 24, na lenzi mbili: ile ya milimita 18–55 iliyokuja na kamera na nyingine ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Flashi ni ile ndogo inayochomoza juu ya kamera. Kadi ninayo moja ya GB 64, betri nayo moja. Wiki iliyopita nilijaribu ukumbini usiku, taa zote zikiwa zimewashwa. Waliosimama walitoka vizuri kiasi, ila kila aliyetembea alitoka na ukungu. Nilipoweka shata (kile kinachoamua mwanga uingie kwa muda gani) ya kimya ili nisisumbue watu, picha nyingi zikawa na mistari ya giza iliyolala kutoka upande hadi upande. Nikiwasha flashi, uso unang'aa kama umepakwa mafuta na nyuma kunabaki giza tupu.

La pili, mimi pia ndiye mpambe wa bibi harusi. Wakati wa kufunga ndoa nitakuwa nimesimama kando yake. Nawaza nishike kamera mkononi nipige nikiwa palepale. Je, inawezekana?

La tatu, grupu la WhatsApp la harusi lina watu zaidi ya 180, na wengi wameshaniambia niwe narusha picha moja kwa moja wakati sherehe inaendelea. Rafiki yangu hajasema lolote kuhusu hilo. Nirushe? Na zile picha kubwa nimpe kwa njia gani zisipoteze ubora?

Mpambe mwenye kamera

*

Dada mpambe,

Nianze na swali lako la pili, maana hilo lisipokaa sawa mengine yote hayatakusaidia.

Huwezi kuwa mpambe na mpiga picha kwa wakati mmoja. Ujasiri unao, lakini mahali utakaposimama hapakubali. Ukiwa ubavuni mwa bibi harusi utaona sikio lake na uso wa bwana harusi. Uso wa rafiki yako mwenyewe, pale anapotamka ahadi zake, hutaupata kabisa. Mikono yako nayo itakuwa na kazi: kurekebisha shela, kushika maua, kupokea pochi. Halafu wewe mwenyewe hutaonekana kwenye tukio ulilochaguliwa kulishuhudia, na hilo litamuuma zaidi ya picha mbovu.

Njia za haki kwake naziona mbili. Ama umwombe atafute mpambe mwingine wewe ubaki na kamera, ama ubaki mpambe na kamera aishike mtu mwingine tangu maharusi wanapoingia hadi ndoa inapokwisha kufungwa, kisha uichukue wewe kwa picha za makundi, za wawili peke yao na za sherehe. Naipendelea hii ya pili. Mtafute huyo mtu wiki hii hii. Asiwe ndugu wa karibu sana, kwa sababu ataitwa kwenye kila picha ya familia, na machozi yatamjaa machoni wakati uleule wa kulenga. Kaa naye jioni 2 mahali penye taa kama zile za ukumbini. Mpangie kamera wewe, kisha bandika kipande cha utepe wa karatasi juu ya gurudumu la modi lisizunguke kwa bahati mbaya. Kazi yake iwe kulenga jicho na kubonyeza, basi.

Mwandikie kwenye karatasi matukio yasiyorudiwa. Usiyabuni kichwani. Waulize maharusi na yule atakayewafungisha ndoa, kwa kuwa kila mahali pana utaratibu wake: nani anaingia kwanza na kupitia mlango upi, ahadi zinatamkwa wakiwa wamegeukia wapi, kama kuna pete zinavishwa upande gani, saini inawekwa meza ipi. Uliza pia mahali ambapo mpiga picha haruhusiwi kukanyaga na kama flashi inakubaliwa. Mara nyingi jibu kuhusu flashi ni hapana, na ni afadhali kulisikia sasa kuliko mbele ya watu.

Tuje kwenye mwanga, ambako ndiko kuna kazi kubwa.

Ukungu ulioupata unatokana na shata kukaa wazi muda mrefu kuliko mguu ulivyokaa sakafuni. Lenzi yako ya 18–55 ukiivuta hadi 55, apecha yake, yaani tundu la kupitisha mwanga, kwa kawaida inaishia f/5.6. Usiku ukumbini, kamera ikijipangia yenyewe, itachagua shata ya sekunde 1/20 au 1/30. Aliyesimama atanusurika, anayetembea hapana. Sasa fikiria ile ya 50. Kutoka f/5.6 kwenda f/1.8 mwanga unaoingia unakuwa karibu mara 10, kwa hiyo pale ulipopata 1/20 unapata 1/200, ISO (kiwango cha kamera kuitikia mwanga) ikiwa ileile. Hiyo lenzi ndogo ndiyo mali kubwa kuliko vyote ulivyotaja kwenye barua yako.

Weka modi ya M (unayopanga mwenyewe), apecha f/2.2, shata 1/200, na ISO uiachie kamera iipange yenyewe, ukomo wake 6400. Usiziogope chenga, zile nukta zinazotokea ISO ikipanda. Chenga za ISO 6400 hupunguzwa kwenye kompyuta, na kwenye picha iliyochapwa ya sentimita 10 kwa 15 ni nadra mtu kuziona. Ukungu wa mwendo hauna dawa. Nimekwambia f/2.2 badala ya f/1.8 kwa sababu ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, lenzi ya 50 kwenye kamera yako ikiwa f/1.8 ina kina cha ukali (eneo linalotoka safi, mbele hadi nyuma) cha sentimita 11 hivi tu. Ukilenga jicho la aliye mbele, aliyesimama nusu hatua nyuma yake amepotea. Maharusi wawili wakiwa bega kwa bega, nenda f/2.8 na ulenge jicho la aliye karibu nawe.

Lenzi hiyo inahitaji nafasi pia. Ukishika kamera wima, mtu aonekane kichwa hadi miguu na hewa kidogo juu na chini, simama kama mita 5 kutoka kwake. Pima kwa hatua ukumbini kabla ya siku ili mwenzako ajue kinyume-nyume chake kinaishia wapi, asigonge viti. Pakibana, rudi kwenye 18–55 ikiwa kwenye 18 hadi 24, ambako inafunguka zaidi, mara nyingi f/3.5 au f/4.

Anayetembea asikimbizwe na lenzi. Chagua alama sakafuni, mwisho wa safu ya viti kwa mfano, subiri afike. Fokasi iwe ya kufuatilia, AF-C au AI Servo kulingana na kamera yako, yenye nukta moja au kutambua jicho kama kamera ina uwezo huo. Piga 3 au 4 mfululizo pale mguu unapokanyaga, kwani hapo mwili hutulia kwa nukta ya sekunde.

Kuhusu mistari, kamera yako ni nzima. Taa za umeme hazitoi mwanga ulio sawa muda wote. Kwenye umeme wa 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde), taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na kwenye wa 60 Hz mara 120. Jicho halitambui. Shata ya kimya haina pazia linalofunguka. Kihisi kinasomwa mstari baada ya mstari, na mistari iliyosomwa taa ikiwa imefifia ndiyo inayotoka giza. Rudi kwenye shata ya kawaida yenye mlio. Mistari ikibaki, teremka hadi 1/100 mahali penye 50 Hz, au 1/125 penye 60 Hz, ili kila picha imeze mpepeso mzima wa taa. Tafuta pia kwenye menyu kama kamera ina kipengele cha kuzuia mpepeso, ukiwashe. Kwa 1/100 mikono ya wanaocheza itatoka na ukungu kidogo, hilo vumilia. Uso wa anayetembea je? Mngoje asimame.

Taa za rangi za jukwaani zina tabia nyingine. Mwanga mkali wa zambarau au bluu ukimpiga mtu usoni, rangi ya ngozi yake haimo kwenye faili hata kidogo, na hakuna kuhariri kutakakoirudisha. Zungumza mapema na anayesimamia taa azizime kwa yale matukio yasiyorudiwa, awashe nyeupe peke yake. Ni dakika chache, na wengi hukubali wakiombwa siku moja kabla. Wakiombwa katikati ya muziki huwa hawasikii.

Flashi yako ya kuchomoza iache ilale. Ni ndogo na inampiga mtu moja kwa moja usoni, ndiyo maana unaona ule mng'ao wa mafuta. Azima ile ya kupachika juu ya kamera yenye kichwa kinachozunguka, na hakikisha imetengenezwa kwa ajili ya kamera ya aina yako, la sivyo itawaka bila kujipimia nguvu. Kielekeze kichwa chake juu na nyuma kidogo, mwanga ugonge dari na kushuka kama wa dirishani. Anza na ISO 1600, apecha f/4, shata 1/125, nguvu ya flashi uiachie TTL, yaani ijipimie yenyewe. ISO hiyo inaufanya ukumbi nyuma uonekane, lile giza tupu litaondoka. Dari iwe nyeupe na isiwe juu sana. Ikizidi mita 4 hivi mwanga unachoka kabla ya kurudi. Dari ya mbao itamfanya kila mtu awe wa njano, ya kijani itawafanya waonekane wagonjwa. Tena, usivuke kasi ya shata ambayo flashi inaikubali, kwa kawaida 1/200 au 1/250. Ukiivuka bila mpangilio maalumu, sehemu ya picha itafunikwa na utepe mweusi.

Gauni jeupe lina mtego wake. Kamera hudhani kuwa kila kilichojaza fremu kina mwanga wa wastani. Ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, gauni linatoka la kijivu na uso unatoka mweusi kupita ulivyo. Kwa watu wenye ngozi nyeusi kosa hili ni baya zaidi, kwa sababu ukiuongezea uso mwanga baadaye kwenye kompyuta chenga zinakusanyika palepale mashavuni. Gauni likijaza fremu, ongeza mwanga kwa +2/3 hadi +1 kwenye kipimo cha kufidia mwanga. Washa ile alama inayopepesa sehemu zilizoungua kwenye skrini. Pindo la gauni likipepesa kidogo si neno, lakini kifua chenye mashono kikipepesa, punguza. Kinyume chake ni suti nyeusi: ikijaza fremu, uso unaungua, kwa hiyo hapo unashusha kwa −2/3. Piga RAW (faili ghafi ya kamera), maana JPEG (picha iliyokwisha kubanwa) ikishaungua au kukosea rangi ya mwanga inarekebishika kidogo sana. Faili ya RAW ya kamera kama yako kwa kawaida ina MB 25 hadi 30, hivyo picha 900 ni kama GB 23 hadi 27.

Nafasi kwenye kadi yako basi inatosha, ila kadi moja haitoshi. Kadi ikifa, harusi nzima imekufa nayo. Pata mbili zaidi: ya kwanza kwa maandalizi, ya pili kwa kufunga ndoa, ya tatu kwa sherehe. Zifomati zote ndani ya kamera usiku wa kuamkia siku hiyo, baada ya kuhakikisha hazina kitu unachokihitaji. Iliyotumika ikae kwenye mfuko wenye zipu uliovaa mwilini, usiiache kwenye begi lililowekwa chini ya kiti. Usifute picha kwenye kamera siku hiyo, hata iliyo mbaya waziwazi, kidole kinateleza. Ukiwa umefuta kwa bahati mbaya, toa kadi hiyo na usipige nayo tena. Programu za kurejesha faili huweza kuzipata ilimradi hakuna kilichoandikwa juu yake. Betri ziwe 3, zote zimejaa. Saa ya kamera na saa ya simu ya yeyote atakayekuchangia picha zioane hadi dakika, vinginevyo baadaye utazipanga 900 kwa kubahatisha.

Picha za makundi ni ubishi wa muda tu. Omba majina ya makundi mapema, yasizidi 10, na umteue mtu mwenye sauti anayewafahamu ndugu wa pande zote mbili awe anawaita. Hesabu dakika 3 kwa kundi. Apecha f/5.6, au f/8 wakiwa safu tatu, shata 1/200, na piga angalau 5 kwa kila kundi kwa sababu daima kuna aliyefumba macho. Nje mchana, wapeleke kwenye kivuli kizima cha ukuta au jengo. Kivuli cha mti kinachopitisha jua kinawaachia madoa meupe usoni yasiyofutika. Na mgeni mwingine akiinua simu kando yako, mwombe kwa upole asubiri zamu yake. Watu wakitazama kamera mbili, nusu ya macho kwenye picha yako yatakuwa yanaangalia pembeni.

Usiku huohuo, kabla ya kulala, nakili kadi zote kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje. Fungua picha 20 za hapa na pale uone kama zinafunguka kweli, maana jina la faili kuonekana si ushahidi kwamba picha imo. Nakala ya tatu ikae nje ya nyumba yako, mtandaoni au kwa mtu unayemwamini.

Sasa grupu la watu 180. Usirushe hata moja siku hiyo.

Nalisema kwa mkazo kwa sababu hapa ndipo urafiki unapovunjika, kuliko kwenye ukungu au mistari. Picha ni za maharusi, na wao ndio wanaostahili kuziona kwanza. Picha ya rafiki yako akiwa na jicho nusu, au shela imekaa upande, itakuwa imesambazwa kwenye makundi mengine kabla hujafunga begi lako. Ukiifuta kwa wote inaondoka kwenye grupu tu, nakala zilizokwisha kuhifadhiwa na kusambazwa zinabaki. Halafu kila dakika unayoinamia simu ni dakika ambayo mama wa bibi harusi amecheka na hukuona.

Mtumie ujumbe leo, yeye na mchumba wake kwa pamoja, na majibu yaje kwa maandishi:

"Wapendwa, kabla ya siku yenu naomba mnijibu manne. Picha mzione ninyi kwanza, au kuna mwingine? Zipi zisitoke nje ya familia? Mnaniruhusu kuweka zozote kwenye ukurasa wangu, na lini? Kuna mtu mzima au mtoto ambaye hatakiwi kuonekana mtandaoni kabisa?"

Swali la mwisho usiliruke. Wapo watu wenye sababu nzito za kutotaka kujulikana walipo, na huwezi kuzisoma usoni mwao. Kwa watoto, ruhusa wanaitoa wazazi wao. Maharusi hawawezi kuitoa kwa niaba yao. Wale wanaokudai picha wajibu hivi: "Maharusi wataziona kwanza, kisha watatuma wenyewe." Mwombe mshehereshaji alitangaze mara moja mwanzoni, utapumzika usiku mzima.

Kesho yake chagua picha 10 hadi 15, zihariri, uwatumie wawili hao faraghani. Hizo zitawatuliza wakati unafanya kazi ya nyingine. Zilizobaki uwape ndani ya wiki 3. Ukizidisha hapo, kila salamu atakayokupa itakuwa swali. Kutoka kwenye 900, toa 250 hadi 300. Mzunguko wa kwanza ondoa zenye ukungu, macho yaliyofumba na zilizokosa fokasi. Wa pili, kwenye kila kundi la picha zinazofanana bakiza moja, au mbili ukishindwa kabisa. Usimpe zote "achague mwenyewe". Kuchagua ni nusu ya kazi uliyoikubali.

Katika kuhariri, sawazisha kwanza rangi ya mwanga kwa picha zote za tukio moja, ndipo ugusie mwangaza. Usilainishe ngozi ikawa plastiki, na usimfanye mtu yeyote awe mweupe kuliko alivyo. Chunusi ya wiki hiyo iondoe, kovu la tangu utotoni liache. Hamisha kwa JPEG ya ubora wa 90, rangi za sRGB (mpangilio wa rangi unaotumika kwenye simu na mtandao). Ukiziacha kwenye mpangilio wa Adobe RGB, simu na tovuti nyingine zitaonyesha sura zilizopauka. Andaa seti mbili: kamili ya pikseli 6000 kwa 4000 kwa kuchapisha, na nyingine yenye upande mrefu wa pikseli 2048 kwa simu.

Kabla ya kutoa, kaa na kila picha ukiikuza. Ile ya kutia saini ni hatari kuliko inavyoonekana: kwa megapikseli 24, ukiikuza unasoma namba ya kitambulisho, anwani na saini yenyewe. Ya kushirikiwa iwe ile iliyopigwa kutoka pembeni, kalamu mkononi, karatasi isiyosomeka. Angalia gauni lililoteleza, mtu anayelia peke yake pembeni, namba ya gari. Picha zilizopigwa kwa simu yenye huduma ya mahali iliyowashwa hubeba ndani yake alama za mahali zilipopigwa. Kwa picha za maandalizi hiyo ni nyumba ya mtu. Programu nyingi za kuhariri zina kisanduku cha kuondoa taarifa za mahali wakati wa kuhamisha; kitie alama.

Ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida, faili lako la pikseli 6000 linapunguzwa hadi takribani 1600 upande mrefu. Kwenye simu inapendeza, ila kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi hiyo inatosha picha ya sentimita 13 tu. Atakapotaka kubwa ya kutundika ukutani, haipo. Ukilazimika kutumia WhatsApp, tuma kama hati, nayo itafika kama ilivyo, ikiwa na taarifa zake zote za ndani. Ndiyo sababu nimekuambia uzisafishe kwanza. Iliyo bora ni albamu ya mtandaoni, na seti kamili juu ya diski mkononi mwake. Albamu ziwe mbili: ya maharusi yenye zote, na ya wageni yenye zile tu walizozipitisha wao. Kumbuka kwamba mara nyingi yeyote aliye na kiungo anaweza kuifungua, na kiungo husafiri kama picha. Weka nenosiri kama huduma hiyo inalo, zima uwezo wa wageni kuongeza vyao, na baada ya siku 30 kifunge.

Mgeni akikuomba uondoe picha yake, iondoe siku hiyohiyo bila kumuuliza sababu. Katika nchi nyingi hakimiliki ya picha ni ya aliyeipiga, lakini hakimiliki si ruhusa ya kuonyesha sura ya mtu. Kwa upande wa maharusi, waandikie mstari mmoja kwamba wanaweza kuchapisha na kushiriki picha zao watakavyo. Wachapaji wengine huuliza hilo. Jina lako usilipige muhuri katikati ya picha za zawadi.

Na zile kadi tatu, zikiisha kunakiliwa, usizifomati. Ziweke kwenye bahasha yenye tarehe hadi rafiki yako akujibu kwamba amefungua albamu yote, mwanzo hadi mwisho, na kila faili limefunguka.